Radoni chini ya nyumba: mwongozo wa kupima, kurekebisha na kuingia kwenye Mpango wa Saratani wa Iowa

Familia inayotoka kambini au Bujumbura au Uvira ikipata nyumba Iowa, Marekani, kitu cha kwanza inachosifu ni besimenti, yaani ghorofa iliyo chini ya ardhi. Watoto wakubwa wanapewa vyumba huko chini, mashine ya kufulia iko huko, wageni wa harusi wanatandikiwa magodoro huko, kwaya inafanyia mazoezi huko ili majirani wasilalamike. Na huko huko ndiko radoni hukusanyika kuliko mahali pengine popote ndani ya nyumba.

Radoni ni gesi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi koo wala haileti kikohozi. Kengele ya moshi haiitambui, ya kaboni monoksaidi nayo haiitambui. Inazaliwa ardhini: urani iliyomo kwenye udongo na mawe huchakaa polepole ikawa radiamu, radiamu ikawa radoni, na kwa kuwa radoni ni gesi, inapenya kati ya chembe za udongo kutafuta njia ya juu. Watu wa Katanga hawahitaji somo la urani, maana ya mgodi wao wa Shinkolobwe ndiyo iliyokwenda kwenye mabomu ya 1945. Ya Iowa haikuletwa na mtu. Barafu kubwa za zama za kale zilisaga miamba ya kaskazini, upande wa Kanada, zikautandaza unga wake kwenye udongo huu mweusi tunaouona umejaa mahindi.

Matokeo yake ni kwamba kaunti zote 99 za Iowa ziko kwenye kundi la hatari ya juu kabisa katika ramani ya EPA, shirika la serikali kuu la mazingira. Wastani wa radoni ndani ya nyumba Marekani ni pikokyuri (kipimo cha mionzi) 1.3 kwa lita moja ya hewa. Iowa ni 8.5. Kiwango ambacho EPA inasema rekebisha nyumba ni 4, na takriban nyumba 7 kati ya 10 za Iowa zinakipita. Kuanzia hapa nikisema "namba 4" nina maana hiyo. Kwa wanaosoma vipimo vya Ulaya, pikokyuri 1 kwa lita ni sawa na bekereli 37 kwa mita ya ujazo; Shirika la Afya Duniani linapendekeza nchi zilenge bekereli 100, yaani chini kidogo ya 3, kwa hiyo namba 4 si mstari wa usalama. EPA yenyewe inakiri hivyo, na inashauri mtu afikirie kurekebisha hata akiwa kati ya 2 na 4.

Inadhuru namna gani? Radoni yenyewe unaivuta na kuitoa. Wabaya ni wazao wake, hasa poloni, ambao si gesi tena bali chembe zinazonata kwenye vumbi. Zikiingia kwenye mapafu zinabaki huko na kufyatua mionzi ya alfa, ambayo haina nguvu ya kupita hata karatasi lakini ndani ya pafu hakuna karatasi ya kuizuia. Kwa makadirio ya EPA, watu 21,000 hivi hufa kila mwaka Marekani kwa saratani ya mapafu inayotokana na radoni, na kama 2,900 kati yao hawakuwahi kuvuta sigara. Kwa asiyevuta, radoni ndiyo sababu namba moja.

Dunia ilishtuka Desemba 1984. Stanley Watras, fundi katika kinu cha nyuklia cha Limerick, Pennsylvania, alikuwa akiiamsha kengele ya mionzi akiwa anaingia kazini, wakati kinu kilikuwa bado hakijaanza kuzalisha umeme. Alikuwa anabeba mionzi kutoka nyumbani. Walipopima nyumba yake walikuta karibu pikokyuri 2,700 kwa lita. Iowa nayo ilitoa moja ya ushahidi mzito zaidi: timu ya Chuo Kikuu cha Iowa ikiongozwa na R. William Field ilichunguza kina mama waliokaa nyumba moja kwa miaka 20 au zaidi, 413 wenye saratani ya mapafu na 614 wasio nayo, na mwaka 2000 ikatangaza kwamba kuishi miaka 15 kwenye namba 4 kunaongeza hatari kwa karibu nusu. Hawa hawakuwa wachimba madini. Walikuwa wanawake wa kawaida, majumbani mwao.

Kwanza: pima, na usipime kwa macho ya jirani

"Jirani yangu alipima akapata 2, basi sisi tuko salama." Nimeisikia mara nyingi. Nyumba mbili zilizobanana zinaweza kutofautiana mara kumi, kwa sababu ya ufa mmoja, shimo la pampu ya maji lisilo na kifuniko, au kokoto zilizowekwa tofauti chini ya zege. Nyumba mpya haiponi, wala isiyo na besimenti. Kila nyumba ina namba yake.

Kipimo cha nyumbani ni kidude chepesi chenye mkaa maalum ndani. Bei yake ni kati ya dola 15 na 30, na ofisi nyingi za afya za kaunti hutoa kwa bei ya chini, wakati mwingine bure, hasa Januari ambao ndio mwezi wa kampeni ya radoni Marekani nzima. Gharama ya maabara mara nyingi imo ndani ya bei, ila soma kasha kwanza. Cha mkaa hukaa wazi siku 2 hadi 7 kutegemea aina. Kipo pia cha muda mrefu, siku 90 hadi mwaka, kinachotoa picha ya kweli zaidi kwa sababu radoni hupanda na kushuka na majira. Majira ya baridi ndiyo mabaya: nyumba imefungwa, hewa ya moto inapanda na kutokea juu, na nyumba inafyonza ardhi kama mtu anayenyonya soda kwa mrija. Nyumba tulizokulia zilikuwa na matundu ya hewa juu ya madirisha. Hizi za huku zimezibwa kila upenyo ili zisipoteze joto.

Muda wa saa 12 kabla ya kuanza, funga madirisha yote na milango ya nje. Kuingia na kutoka kama kawaida ni sawa. Mashine ya kupasha joto iendelee, feni ya dirishani izimwe. Weka kipimo kwenye ghorofa ya chini kabisa ambayo watu wanaitumia au mnaweza kuitumia. Kama mtoto analala besimenti, basi besimenti. Kiwe juu ya meza au kining'inie, angalau sentimita 50 kutoka sakafuni, mbali na dirisha, mlango na ukuta wa nje. Kisiwe jikoni, bafuni wala karibu na mashine ya kukaushia nguo, maana unyevu na upepo huvuruga mkaa.

Halafu kuna jambo ambalo maelekezo ya Kiingereza hayawezi kukuambia. Fomu inataka saa ya kufungua na saa ya kufunga. Familia moja niliyoisaidia, baba alifungua kipimo saa moja asubuhi akaandika 7:00, kwa saa ya Kizungu aliyoizoea kiwandani. Siku mbili baadaye mama akakifunga saa moja asubuhi, akaandika 1:00, kwa saa yetu. Kwa maabara ile ilikuwa saa sita pungufu kati ya 48, na hesabu yote inasimama juu ya saa hizo. Tukarudia upya. Tangu siku hiyo, nikigawa vipimo nabandika karatasi juu ya kasha: ANDIKA SAA INAYOONEKANA KWENYE SIMU.

Ukishakifunga, kipeleke posta siku hiyo hiyo. Nusu ya radoni iliyonaswa inapotea kila baada ya siku 3.8, na kipimo kilichosahaulika juu ya friji wiki nzima hakina maana. Epuka kuanza siku ambayo kufunga kutaangukia mkesha wa sikukuu ambapo posta imefungwa.

Pili: soma namba

Namba ikiwa 4 au zaidi, usikimbilie fundi siku hiyo hiyo. Pima mara ya pili. Ikiwa 8 au zaidi, rudia mara moja kwa kipimo cha siku chache kingine. Ikiwa kati ya 4 na 8, unaweza kutumia cha siku chache au cha muda mrefu. Vipimo viwili vifupi unavijumlisha na kugawa kwa mbili. Wastani ukifika 4, rekebisha. Kati ya 2 na 4 uamuzi ni wako, na mimi kama kuna mtoto anayelala chini ningerekebisha.

Kama kuna mvutaji sigara ndani ya nyumba, namba ile ile ina maana nyingine kabisa. Kwa hesabu ya EPA, watu 1,000 wasiowahi kuvuta wakiishi maisha yao kwenye namba 4, kama 7 watapata saratani ya mapafu. Wavutaji 1,000 kwenye nyumba hiyo hiyo, kama 62. Kwa hiyo mwenye pesa ya kitu kimoja tu mwezi huu, na anavuta, aanze na kuacha sigara, na huku akiweka akiba ya feni ya kunyonya radoni, nitakayoieleza hapo chini. Mtu wa miaka 50 hadi 80 aliyevuta sana, kiasi cha pakiti moja kwa siku kwa miaka 20, na bado anavuta au aliacha ndani ya miaka 15, amwombe daktari picha ya mapafu ya CT ya mionzi midogo. Radoni peke yake bado haimpi mtu nafasi kwenye uchunguzi huo, jambo ambalo binafsi naona ni pengo.

Tatu: rekebisha

Kuziba nyufa kwa silikoni peke yake hakutoshi, ingawa kunasaidia feni kufanya kazi. Kufungua madirisha kunashusha namba kwa saa chache, ukifunga inarudi. Na nani atafungua dirisha Januari ya Iowa? Mashine za kusafisha hewa za dukani si dawa ya radoni.

Dawa ni kunyonya hewa iliyo chini ya sakafu kabla haijaingia. Fundi anatoboa zege la besimenti tundu la upana wa kiganja, anaingiza mkono na kuchota udongo na kokoto ndoo moja au mbili hadi papatikane uwazi, kisha anasimamisha bomba la plastiki la inchi 3 au 4 na kuziba kandokando. Bomba linapanda kupitia kabati au nje ya ukuta mpaka juu ya paa. Feni inakaa darini au nje, kamwe isiwe ndani ya sehemu mnayoishi, kwa sababu bomba likivuja juu ya feni litawapulizia radoni iliyokusanywa. Shimo la pampu ya maji linafunikwa kifuniko kinachobana. Kazi kwa kawaida ni siku moja, gharama mara nyingi ni kati ya dola 1,000 na 2,500, na mfumo mzuri unaweza kupunguza radoni hadi asilimia 99.

Iowa inataka fundi wa radoni awe na kibali cha jimbo. Orodha yao iko idara ya afya ya jimbo. Omba bei kwa watu watatu, kwa maandishi, na uulize: feni ina dhamana ya miaka mingapi, bomba litapita wapi, na kama namba haitashuka chini ya 4 atarudi bila malipo? Binamu mwenye drili si fundi wa radoni, hata akiwa fundi mzuri wa vigae.

Kwenye bomba utaona mrija mdogo wenye umbo la U na maji ya rangi. Hapa watu wengi wanajichanganya. Maji yakiwa upande mmoja juu na mwingine chini, feni inavuta. Yakilingana pande zote mbili, feni imekufa au imezimwa. Nimeingia nyumba ambayo maji yalilingana vizuri kabisa na mwenyewe akifurahi kwamba "iko sawasawa". Kijana wake alikuwa ameichomoa kwenye umeme ili achaji simu. Pima tena ndani ya siku 30, lakini si kabla ya saa 24 tangu feni iwashwe, na kisha kila baada ya miaka miwili.

Kwa anayepanga

Unaruhusiwa kupima nyumba unayoishi. Ukipata namba kubwa, mwandikie mwenye nyumba barua au ujumbe, ambatanisha karatasi ya maabara, weka tarehe, baki na nakala. Kumwambia tu kwa mdomo akiwa amekuja kuchukua kodi hakuachi alama. Kama nyumba ni ya mamlaka ya nyumba za umma au kodi inalipwa kwa sehemu na serikali, peleka nakala huko pia. Usisitishe kodi kwa sababu ya radoni kabla hujaongea na msaada wa kisheria. Utafukuzwa kwa kutolipa na radoni haitajadiliwa kabisa. Wakati unasubiri, mtoto apandishwe kulala juu. Namba ya ghorofa ya juu kwa kawaida ni ndogo kuliko ya chini.

Kwa mwenye nyumba wa kipato kidogo kijijini, idara ya kilimo ya serikali kuu ina mkopo wa ukarabati wa riba ndogo, na ruzuku kwa wenye miaka 62 na zaidi kwa ajili ya kuondoa hatari za kiafya. Mji wako pia unaweza kuwa na mfuko wa ukarabati, uliza swali hili kwa maneno haya: "Je, mfuko wenu unalipia mfumo wa radoni?"

Nne: peleka namba zenu kwenye mpango

Hapa ndipo ninapotaka viongozi wa jumuiya, wachungaji, mashehe na wenyeviti wa vyama wanisikilize. Iowa iko nafasi ya pili Marekani kwa kiwango cha watu wanaopata saratani, kwa mujibu wa takwimu za rejista ya saratani ya jimbo. Jimbo lina Mpango wa Saratani, unaoratibiwa na Iowa Cancer Consortium, muungano wa mashirika na watu wanaopambana na saratani jimboni, na radoni imo ndani yake. Mpango wa sasa ni wa 2023 hadi 2027, na unaofuata utaandaliwa na watu wanaohudhuria mikutano. Consortium inapokea wanachama, mashirika na watu binafsi. Kiswahili kinasikika kila kona ya Des Moines, Cedar Rapids na Iowa City. Kisikike na huko pia.

Lawama yangu kwa mipango ya namna hii, si ya Iowa tu, ni kwamba inahesabu vipimo vilivyogawiwa. "Tuligawa vipimo elfu kadhaa" inapendeza kwenye ripoti. Lakini kipimo hakishushi radoni hata kidogo. Anayepokea kipimo cha bure, akapata 11, akaambiwa atafute dola 2,000, ataiweka ile karatasi kwenye droo. Kinachohesabika ni feni: nyumba ngapi zilikuwa juu ya 4, ngapi zimefungwa mfumo, ngapi zimepimwa tena zikashuka, na katika hizo ngapi ni za kupanga. Ombeni kipimo hicho cha mafanikio kiandikwe kwenye mpango, na ombeni fungu la pesa la kufunga mifumo kwa wasio na uwezo, maana bila fungu hilo mpango unawatisha watu kisha unawaacha.

Kwenda mkutanoni na malalamiko matupu hakusaidii sana. Nendeni na jedwali. Kanisa au msikiti mmoja unaweza kugawa vipimo 40 Januari, kuwa na vijana wawili wanaopiga simu siku ya kufunga, na kukusanya majibu bila majina: eneo la posta, besimenti ipo au haipo, mtu analala chini au halali, mpangaji au mwenyewe, namba, feni imefungwa au bado. Safu sita tu. Mtu wa kaunti akiona kwamba nyumba ambazo watoto wanalala besimenti ni nyingi hivyo kwenye jumuiya moja, mazungumzo yanabadilika, kwa sababu takwimu za jimbo hazimwonyeshi nani analala wapi.

Shule nazo ziulizwe. Sheria ya Iowa ya 2022 inataka majengo ya shule za umma yapimwe radoni kufikia Julai 1, 2027. Mzazi anaweza kuhudhuria kikao cha bodi ya shule, kuomba mkalimani, na kuuliza jengo la mwanawe lilipata ngapi. Vituo vya kulelea watoto majumbani, ambavyo mama zetu wengi wanaviendesha kwenye besimenti hizo hizo, vipimwe hata kama hakuna anayewalazimisha. Na mji unaojenga nyumba za bei nafuu uombwe kuweka bomba na kokoto tangu msingi. Gharama yake ni ndogo mno kuliko kutoboa zege baadaye.

Tafsiri pia idaiwe mapema. Ukiona kipeperushi cha Kiswahili kinaita radoni "redio", na nimekiona, rudisha na uombe kisomwe na mtu kabla ya kuchapwa. Kwa wazee wengi wa Kirundi na Kibembe karatasi haisaidii. Sauti ya dakika mbili ya WhatsApp inafika mbali zaidi, na ndiyo bajeti ya kuomba.

Mfumo wako ukishafungwa, chukua kalamu ya wino mzito na uandike kwenye bomba lenyewe: namba ya kabla, namba ya baada, tarehe ya kufungwa, tarehe ya kupima tena. Mkihama, familia itakayoingia itakuta maandishi hayo, na itajua ile feni inayonguruma nje ya ukuta si ya kuchomoa.